Ndovu, Shamba na Haki: Tuijue Mbuga Tuliyopakana Nayo

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wajumbe wa kamati za haki na amani za parokia)



Tumeombwa kusema juu ya Mbuga ya Tsavo na wanyama wake. Huenda baadhi yenu mmeshangaa kuliona jambo hili katika ratiba ya semina ya haki na amani, kana kwamba tumeziacha kesi za mashamba na za mishahara tukaenda kutalii. La, hatukuziacha. Katika Kaunti ya Taita Taveta, takriban asilimia 62 ya ardhi yote imo ndani ya mbuga. Ukiisha kutoa na mashamba makubwa ya mkonge pamoja na ranchi, sehemu aliyobaki nayo mkulima wa kawaida ni ndogo, nayo nyingi iko milimani au kwenye ukingo wa mbuga yenyewe. Basi mtu asemaye juu ya haki ya ardhi katika nchi hii ya Wataita na Wataveta bila kuitaja Tsavo ni sawa na mtu apimaye nyumba huku akiiruka sebule.

Lakini hapa pana jambo la ajabu. Watu wengi wanaoijua Tsavo kwa undani ni wageni. Wametoka mbali, wamelipa, wamepanda gari lililofunguliwa paa, wamewaona simba na kurudi kwao na picha. Mtoto aliyezaliwa Sagalla, au Kasigau, au Mwatate, yeye anamjua ndovu wa usiku tu: mshindo wa mahindi yakivunjwa, mabati yakigongwa, tochi zikimulika huku na huku, na asubuhi nyayo kubwa kama sinia katikati ya shamba lililokuwa tegemeo la mwaka mzima. Ndovu wa mchana, aliyesimama mtoni na wanawe akinywa maji kwa utulivu, hajapata kumwona. Sisi twaona kwamba hili nalo ni suala la haki. Anayelipa gharama ya kitu ana haki ya kukijua, na asiyekijua hawezi kukidai wala kukitetea.

Tuanze na ardhi yenyewe. Tsavo ilitangazwa kuwa mbuga ya taifa tarehe 1 Aprili 1948, wakati wa serikali ya kikoloni, na baadaye ikagawanywa kuwa Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, reli na barabara ya Mombasa zikipita katikati. Kwa pamoja mbuga hizi mbili zina zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Sababu ya kuchaguliwa nyika hii ilikuwa ukame wake, mbung'o wake, na uchache wa watu. Lakini uchache wa watu si kutokuwapo kwa watu. Waata walikuwamo, ambao wengine huwaita Waliangulu, wawindaji hodari wa ndovu ambao pinde zao zilihitaji nguvu nyingi kuzivuta, na mishale yao walipaka sumu ya mrichungu. Wakamba waliwinda humo. Wafugaji walipitisha mifugo yao kwenda kwenye maji.

Mnamo 1956 na 1957 serikali iliendesha msako mkali dhidi ya uwindaji, na Waata wengi walifungwa. Mtu aliyewinda kama alivyofundishwa na babu yake aliamka siku moja akaambiwa kwamba yeye ni jangili. Mnamo 1960 ulianzishwa mpango kando ya mto Galana ili Waata waendelee kuwinda kwa utaratibu wa kisheria na kupata riziki kwayo. Mpango huo haukufanikiwa. Hatusemi haya ili kusifu mauaji ya ndovu. Twayasema kwa sababu historia ya mbuga husimuliwa kana kwamba ilianza siku ya kutangazwa kwake, na walioondolewa hutajwa, kama wakitajwa, kwa jina la uhalifu tu.

Hata kisa kile maarufu cha simba wala-watu wa mwaka 1898, kinachopendwa sana na watalii, husimuliwa upande mmoja. Simba wawili madume, wasio na manyoya marefu shingoni kama ilivyo kwa simba wengi wa Tsavo, waliwashambulia wafanyakazi waliokuwa wakijenga daraja la reli kwenye mto Tsavo. Mhandisi Mwingereza John Patterson aliwaua wote wawili mwezi Desemba mwaka huo, akaandika kitabu, na leo ngozi zao zilizojazwa zimesimama katika jumba la makumbusho huko Chicago. Patterson alikuja kutaja watu 135 waliouawa. Wataalamu waliochunguza mifupa na nywele za simba hao, na kutoa matokeo yao mwaka 2009, walikadiria kuwa walioliwa walikuwa kama 35. Majina ya simba na ya mhandisi yanajulikana duniani kote. Majina ya vibarua wale, Wahindi na Waafrika, ni nani kati yetu awezaye kutaja hata moja?

Tuje kwa ndovu, maana ndiye aliyetuleta hapa. Katika miaka ya 1960 mwishoni ndovu wa Tsavo na viunga vyake walikadiriwa kuwa zaidi ya 30,000. Wakala miti, wakaangusha mibuyu, na mahali palipokuwa kichaka pakawa nyasi. Wataalamu walibishana: wengine walitaka maelfu wapigwe risasi ili wapungue, naye msimamizi wa Tsavo Mashariki, David Sheldrick, alishikilia kwamba maumbile yaachwe yajirekebishe yenyewe. Ukame wa 1970 na 1971 ukaja ukakata shauri. Ndovu walikufa kwa maelfu, na waliokufa zaidi walikuwa majike na watoto. Si kwamba walikosa maji. Waliyaganda maji ya mitoni kwa sababu ya watoto wao wasioweza kwenda mbali, nao majani ya karibu yalikuwa yamekwisha. Madume, wasio na mzigo wa malezi, walitembea mbali wakapona. Akina mama mliopo hapa hamhitaji tuwafafanulie zaidi.

Baada ya ukame yakaja majangili wa bunduki, na hao si Waata wenye pinde. Pembe zilikuwa na soko ng'ambo na wakubwa wa kuzisafirisha. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, lakini mauaji yaliendelea hata kufikia mwisho wa miaka ya 1980 ndovu wa eneo zima la Tsavo walikuwa wamebaki takriban 6,000. Mwaka 1989 ndipo lilipoundwa Shirika la Wanyamapori, KWS. Mwezi Julai mwaka huo Rais Moi alizitia moto tani 12 za pembe mjini Nairobi, na kabla mwaka haujaisha mataifa yakakubaliana kuzuia biashara ya pembe. Tangu hapo idadi imepanda. Hesabu ya wanyamapori iliyofanywa nchini mwaka 2021 ilikuta ndovu 36,280 katika Kenya nzima, na karibu 15,000 kati yao wako Tsavo. Yaani katika kila ndovu kumi wa Kenya, wanne ni jirani zetu.

Haya ni mafanikio, nasi hatuoni aibu kuyaita hivyo. Askari wa wanyamapori wamekufa ili yapatikane. Lakini angalieni pia upande wa pili wa hesabu. Tangu 1989 ndovu wameongezeka, na watu nao wameongezeka. Mashamba yamesogea hadi mpakani, na reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 imepita juu ya tuta refu katikati ya nchi ile ile ambayo ndovu waliizoea, ingawa imewekewa mapito ya wanyama chini yake. Ukame nao haukukoma. Kati ya Februari na Oktoba mwaka 2022 ndovu 205 walikufa nchini kwa ukame, na katika mwaka huo huo shamba lenye kibichi chochote au tangi la maji nyumbani kwa mtu lilikuwa mwaliko kwa mnyama mwenye kiu.

Sasa twapenda kueleza kidogo tabia za ndovu, kwa sababu mengi yanayosemwa juu yake vilabuni ni chuki tu. Kundi la ndovu ni la majike na watoto, nalo huongozwa na jike mzee. Yeye ndiye akumbukaye maji yalikuwa wapi katika ukame wa miaka ishirini iliyopita, na akiuawa, elimu hiyo hufa pamoja naye. Jike hubeba mimba miezi 22. Dume akibalehe huacha kundi la mama yake na kutembea peke yake au pamoja na madume wenzake, na mara nyingi madume hao ndio waingiao mashambani, kwa kuwa ni wajasiri na tena mwili mkubwa wataka chakula kingi: ndovu mzima aweza kula kilo 150 kwa siku. Mahindi yaliyokomaa, kwake, ni chakula kitamu kilichokusanywa mahali pamoja. Haji kwa ubaya. Wala mkulima naye hagongi mabati kwa ubaya.

Wakati wa kiangazi, mto Voi unapokuwa mchanga mtupu, ndovu huchimba kwa miguu na mkonga mpaka maji yatokeze. Akiisha kunywa na kwenda zake, huja nyani, ngiri, kanga na swala wakanywa katika shimo lile. Mwenye kutaka kuona jambo hilo hana haja ya kwenda mbali. Akiingia kwa lango la Voi na kufuata mto hadi bwawa la Aruba, lililojengwa mwaka 1952, atakutana pia na nyati, punda milia, pofu, choroa mwenye pembe zilizonyooka kama mikuki, na swala twiga asimamaye kwa miguu miwili ili afikie majani ya juu. Akibahatika sana atamwona hirola, ambaye kwao ni upande wa Garissa na mto Tana. Wachache waliletwa Tsavo mwaka 1963 na tena 1996 ili wasipotee kabisa duniani.

Upande wa magharibi iko Mzima. Mvua inyeshayo juu ya milima ya Chyulu hunywewa na mawe ya volkeno yaliyo kama sifongo, ikasafiri chini ya ardhi, ikatokeza Mzima maji meupe kiasi cha kuona samaki wakipita chini ya viboko. Tangu miaka ya 1950 bomba limeyachukua maji hayo zaidi ya kilomita 200 hadi Mombasa. Nasi tunao wazee ambao bomba hilo lilipita karibu na kwao wakiwa watoto, na mpaka wamezeeka bado wajukuu wao huchota maji kwa punda. Malalamiko haya ni ya miaka mingi na viongozi wa kila rangi wameyabeba jukwaani. Twayataja hapa kwa kuwa ni sura ile ile ya ndovu: mali iko kwetu, faida yaenda mbele, gharama yabaki. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 69, yaitaka Serikali ihakikishe kwamba faida za maliasili zinagawanywa kwa usawa. Neno hilo limeandikwa. Kazi ya kamati kama zenu ni kuuliza, kila bajeti isomwapo, limetekelezwa wapi.

Na tusidhani kwamba wanyama wa kwetu wamo ndani ya mbuga tu. Milima ya Taita ni ncha ya kaskazini ya safu ya milima ya kale ambayo sehemu yake kubwa iko Tanzania, na katika vipande vidogo vya msitu vilivyosalia, kama Ngangao na Mbololo, wamo ndege wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Tena yuko mnyama mmoja ambaye wengi wenu mmemfukua kwa jembe mkamdhania mnyoo au nyoka. Hana miguu, huishi udongoni, naye ni wa jamii ya vyura. Wako wa aina moja katika milima ya Taita ambao watoto wao wakiisha kuanguliwa hula ngozi ya juu ya mama yao, ambayo huwa imenenepa kwa ajili hiyo, naye huota nyingine. Na kilima cha Sagalla kina aina yake peke yake, ambayo wataalamu waliitambulisha rasmi mwaka 2005. Hana sumu wala hali mimea. Kama atakoma kuwapo Sagalla, basi amekoma duniani. Vijana, mkimkuta, mrudishieni udongo.

Turudi kwenye shamba lililoliwa. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 ilibadilisha mambo mengi. Kabla yake, fidia ya mtu aliyeuawa na mnyama ilikuwa shilingi 200,000, na mazao hayakulipwa kabisa. Sheria hiyo iliweka shilingi milioni 5 kwa kifo, milioni 3 kwa ulemavu wa kudumu, na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine; tena ikarudisha fidia ya mazao, mifugo na mali kwa bei ya soko. Madai hupelekwa kwa kamati ya kaunti inayoshughulikia uhifadhi na fidia. Asiyeridhika na uamuzi aweza kukata rufani ndani ya siku 30 mbele ya mahakama maalumu ya mazingira.

Kwenye karatasi ni sheria nzuri. Ugumu uko katika malipo, ambayo yamejulikana kuchelewa miaka, na katika ushahidi, ambao hapo ndipo wengi wetu hushindwa kabla hata ya kuanza. Mama ameliwa ekari mbili za mahindi usiku wa Jumatatu. Ana watoto, Jumanne anavuna kilichosalia ili kisioze, Jumatano anapalilia upya. Afisa afikapo baada ya juma moja hakuna cha kupima. Kwa hiyo twawasihi: habari ipelekwe siku ile ile kwa kituo cha KWS na kwa chifu, shamba lipigwe picha kwa simu ya yeyote aliye karibu, nyayo zikionekana, fomu ikijazwa, mwenye shamba abaki na nakala. Jambo jingine wengi hawalijui: sheria hiyo yasema kwamba fidia ya mazao au mifugo haitalipwa kwa mtu aliyeshindwa kuchukua hatua za kutosha kujilinda. Basi ua, zamu za usiku, na taa navyo viandikwe, kwa sababu siku moja mtu ataulizwa alifanya nini.

Pendekezo letu kwa kila jumuiya ni daftari moja. Tarehe, kijiji, jina, mnyama, kilichoharibiwa, aliyepokea habari, namba ya fomu. Mtu mmoja akienda ofisini mara tano huambiwa arudi wiki ijayo. Daftari lenye majina mengi ya kata moja, likipelekwa na wajumbe watatu wenye adabu, husomwa kwa njia nyingine. Askari wa mbuga naye msimwendee kama adui. Mara nyingi ni kijana wa watu maskini aliyetumwa na wenzake wachache kulinda eneo kubwa kupita uwezo wao, na usiku ule ule ameitwa vijiji vitatu.

Wapo waliokwisha kujaribu njia ya kuzuia. Huko Sagalla, wakulima pamoja na mtafiti Lucy King na shirika la Save the Elephants wamejenga nyua za mizinga ya nyuki. Mizinga hutundikwa kuzunguka shamba, kila mita kumi, ikiunganishwa kwa waya. Ndovu akisukuma waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Ndovu huogopa nyuki, kwa maana huumwa machoni na ndani ya mkonga. Matokeo ya miaka tisa yaliyotolewa mwaka 2024 yalionyesha kwamba katika misimu ya mazao mengi nyua hizo ziligeuza hadi asilimia 86 ya ndovu waliokaribia. Na asali huuzwa. Lakini tuseme yote: ukame wa 2017 uliwafukuza nyuki hata mizinga mingi ikabaki mitupu, na ilichukua kama miaka mitatu kujaa tena. Nyuki wahitaji maua, na maua yahitaji mvua. Kwa hiyo ua wa nyuki ni msaada mkubwa, lakini hauifuti fidia wala hauiondolei Serikali wajibu wake, kama wengine wanavyopenda kudokeza.

Kuhusu wale wanaotega sumu katika matikiti au kumchoma ndovu mkuki usiku, twasema wazi kwamba hatuungi mkono. Adhabu yake ni kali, na anayefungwa huwa ni baba wa familia ile ile iliyokwisha kupoteza mavuno. Tena ndovu aliyejeruhiwa ni hatari kuliko mzima. Mtoto aendaye shule asubuhi ndiye atakayekutana naye njiani.

Mwisho, safari yenyewe. Parokia zinazopakana na mbuga zimekubaliana kupeleka kila moja wajumbe wachache mwezi ujao, na tumeomba nusu yao wawe wanawake na wakulima wa mpakani, si walimu na makatekista peke yao. Ada ya raia ni ndogo kuliko ya mgeni, ila kitambulisho kitahitajika langoni. Tutapita mto Voi hadi Aruba, kisha mwamba wa Mudanda, ambako wakati wa kiangazi ndovu wekundu kwa udongo hukusanyika kunywa maji chini huku mtu akiwatazama kutoka juu kwa usalama. Tumeomba askari mmoja atakayejibu maswali, hata yale magumu ya fidia, ndani ya basi. Kila mmoja achukue maji na chakula chake, na asivae nguo nyeupe wala nyekundu. Basi litaondoka saa kumi na moja alfajiri, maana ifikapo saa nne jua huwa kali, na wanyama wengi huwa wamekwisha kuingia vichakani.